Mbwa Mkubwa kwa Nyumba ya Mlimani

Wadogo zangu, leo nafasi yote naitumia kumjibu mdogo wangu mmoja wa Matombo, kwa kuwa alichouliza kinawahusu wengi wenu mnaoishi kwenye miteremko ya Uluguru, kutoka Kinole mpaka Tawa, na hata mlioko Morogoro mjini wenye uwanja na hamu ya kufuga mbwa mkubwa.

Anasema kaka yake aliyeko Dar es Salaam amepata mfugaji mwenye watoto wa mbwa wa aina tatu: German Shepherd, Rottweiler na Boerboel. Yeye achague tu, ataletewa. Mumewe ni mwalimu, hukimbia barabarani alfajiri kabla ya kwenda shuleni. Mwenyewe hupanda shambani na mama yake karibu kila siku, kwenye migomba, mikarafuu na pilipili manga. Kijana wao wa kidato cha pili hucheza mpira jioni, na kitindamimba ana miaka mitano. Ameandika: "Dada, sisi ni familia ya mazoezi, kwa hiyo tunaona mbwa yeyote mkubwa atatufaa. Tuchukue yupi?"

Kwanza hongera kwa kuuliza mapema, mdogo wangu. Barua nyingi za mbwa hunifikia mambo yakiwa yameshaharibika: mbwa kamng'ata mtoto wa jirani, mbwa kachimba bustani yote, mbwa kafungwa nyuma ya choo tangu mwaka jana na hakuna anayethubutu kumsogelea. Ukifuatilia, mara nyingi utakuta mbwa hana ubaya wowote. Ni mbwa mwenye nguvu za kutembea kutwa aliyepewa mita mbili za mnyororo.

Mazoezi mnafanya, hilo halina ubishi. Mtu anayeshuka mteremko wa Matombo na mkungu wa ndizi kichwani hahitaji kuhimizwa na mtu. Ila nataka mkae chini, wewe na shemeji, mtazame kila safari ya siku na kujiuliza: hii mbwa anaandamana nasi, au anabaki? Shuleni habebwi. Gulioni habebwi. Kanisani, msibani na kliniki anabaki nyumbani. Uwanja wa mpira nao una watoto wengi na mpira unaokimbia, na mbwa mkubwa asiyefundishwa ataufukuza mpaka mechi ivunjike. Mkishazitoa hizo zote, zinabaki safari mbili tu: mbio za shemeji na njia ya shambani.

Mbwa mkubwa wa jamii za kazi, akishakomaa, anahitaji kama saa mbili za mwendo kwa siku, asubuhi na jioni. Sasa msiipime ratiba yenu kwa wiki nzuri ya mwezi wa saba, jua la wastani na barabara kavu. Ipimeni kwa wiki mbaya ya masika. Mwezi wa nne mvua inanyesha upande wenu wa mashariki kama kwamba haitakata, njia zinateleza, shemeji ana karatasi za mtihani za kusahihisha, wewe una mtoto mwenye homa. Wiki hiyo nani anamtoa mbwa? Jibu lenu la wiki hiyo ndilo kipimo cha mbwa mnayeweza kumfuga. Kama ni nusu saa, chagueni mbwa anayeweza kuishi na nusu saa bila kuvunja mlango.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona kwenye barua yako. Mbwa mkubwa huishi takriban miaka 8 hadi 12. Kijana wako leo yuko kidato cha pili na ana mbio zote za dunia, ila miaka michache ijayo anaweza kupangiwa kidato cha tano shule ya bweni mkoa mwingine kabisa. Akirudi likizo atamkuta mbwa aliyelelewa na nani? Ukimchagua mbwa kwa miguu ya kijana, baada ya muda mfupi mzigo utakuwa wako. Na kitindamimba wa miaka mitano leo, kwa miaka kadhaa ijayo ataangushwa kwa kuguswa tu na mkia wa mbwa wa kilo 50.

Na mama yako, umemuuliza? Kwa desturi ya Kiluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na hilo shamba mnalolipanda ni la kwenu kupitia yeye. Ndiye anayeshinda nyumbani au shambani mchana ninyi mkiwa hampo. Mbwa atakuwa wa mama yako kwa saa nyingi kuliko atakavyokuwa wako. Kama mama hawezi kumshika kamba akivuta, au anamwogopa, basi mazungumzo haya yana mipaka yake, na ni haki yake iwe hivyo.

Tuje kwenye aina zenyewe.

German Shepherd najua ndiye unayemtaka, maana umemtaja mara nyingi kuliko wenzake. Watanzania wengi tumemzoea kupitia Kikosi cha Polisi cha Mbwa na Farasi, na akili yake haina mfano. Ila kumbuka alikotoka. Jamii hii iliwekwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo, kazi ya kuzunguka kundi asubuhi hadi jioni. Dume huwa na kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Kwa mwendo anawafaa: atakwenda na shemeji barabarani na atapanda nawe shambani, na atajifunza mpaka wa shamba haraka. Kinachonitia shaka ni mwili wake. Ana manyoya ya tabaka mbili yaliyotengenezwa kwa baridi, na ninyi mko upande wenye joto la unyevu. Ndani ya manyoya hayo kupe hujificha mpaka wanenepe. Na kati ya jamii zote za mbwa, German Shepherd anajulikana kwa kuathirika vibaya zaidi na elikiosisi, ugonjwa unaoletwa na kupe wa mbwa: homa, kukonda, kutokwa damu puani, chembe za damu kushuka. Pia ana urithi wa nyonga zilizolegea, na mteremko haumhurumii mwenye nyonga mbovu. Ukimchukua yeye, basi kubali kumpekua kupe kila jioni, masikioni, kwapani na katikati ya vidole, mwaka mzima.

Rottweiler ni mzito zaidi, dume hufika kilo 50 hadi 60. Asili yake ni mbwa wa wachinjaji wa mji wa Rottweil, akiswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya nyama. Ana nguvu za kusukuma na kuvuta, kuliko za kukimbia umbali mrefu kwenye joto. Rangi yake nyeusi na kifua chake kizito humchosha haraka jua likipanda. Ni mwaminifu sana kwa wenyewe, na akilelewa vizuri ni mtulivu, lakini akivuta kamba mama yako ataanguka. Kwa nyumba yenye bibi na mtoto wa miaka mitano, na njia nyembamba ya shambani mnayopishana na majirani waliojitwika mizigo, simpendekezi.

Boerboel hapana. Nasema hivi bila kuzunguka, mdogo wangu. Ni mbwa wa mashamba makubwa ya Afrika Kusini, kazi yake ni kulinda eneo kubwa lenye uzio, na wengi hupita kilo 60. Denmark ilimpiga marufuku mwaka 2010. Si kwamba ni mbwa mbaya. Mikononi mwa mtu mwenye uzoefu, uzio imara na nafasi, ni mlinzi hodari. Lakini Matombo nyumba zinapakana, njia za watu zinakatiza viwanjani, watoto hupita uani kwenu kwenda mtoni. Mbwa huyu haelewi njia ya wapita njia. Na kwa upande wa mazoezi hana haja ya kukimbia na shemeji; atachoka kilomita ya kwanza na kukaa chini, na hakuna atakayembeba.

Kuna wa nne ambaye kaka yako hakumtaja: Ridgeback, yule mwenye mstari wa manyoya yaliyolala kinyume mgongoni. Asili yake ni ya huku kwetu Afrika, upande wa kusini, mbwa wa Wakhoikhoi waliochanganyika na mbwa wa walowezi, na vigezo vya jamii hii viliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Ana kilo 32 hadi 41, manyoya mafupi ambayo kupe haoni pa kujificha, na ustahimilivu wa joto na umbali ambao wengine hawana. Kwa mkimbiaji wa alfajiri, ningemweka juu ya German Shepherd. Tatizo lake ni kuwinda. Akiona kitu kinakimbia, masikio huziba. Na ninyi juu yenu kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mbwa anayeingia mle akifukuza wanyama si utani. Sheria inawahusu ninyi, si yeye, na wanyama wa msitu ule wengine hawapatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima hii. Ridgeback kwenye njia ya juu anatembea na kamba. Kama hamuwezi kuikubali kamba kila siku, msimchukue.

Sasa nikwambie ninachokiamini. Kabla ya hao wote, tazama mbwa wa kienyeji waliopo hapo hapo Matombo na Mkuyuni. Najua watu wanasema mbwa koko, wanasema hana hadhi. Lakini mbwa huyu amechujwa na joto, minyoo, kupe na njaa kwa vizazi visivyohesabika, na aliyebaki ni yule aliyeweza. Miguu mirefu, kiuno chembamba, kwato hana ila anapanda jabali kwa urahisi. Tatizo moja tu kwako ni ukubwa: wengi huwa na kilo 15 hivi, na wewe unataka mbwa wa kumfanya mtu afikirie mara mbili getini. Hapo ndipo chotara anapoingia. Mama wa kienyeji mwenye umbo kubwa na tabia tulivu, baba German Shepherd mwenye afya. Watoto wengi hukua kuwa wa kilo 20 na kitu, wenye sauti nzito, miili myepesi kuliko baba. Sikuahidi kwamba kila chotara hurithi mazuri ya pande zote. Anaweza kurithi nyonga za baba na uoga wa mama. Ndiyo maana nakwambia nenda ukamwone mama. Mkute bila kupanga, mtazame anavyowapokea wageni, watoto, kuku. Mama anayetetemeka au anayerukia watu, ondoka, hata watoto wake wawe wazuri namna gani.

Na kama kuna mtu anahama na ana mbwa mzima wa miaka miwili anayejulikana tabia, huyo ni bora kuliko mtoto yeyote. Ukubwa wake unauona, mwendo wake unaupima siku hiyo hiyo. Mpande naye shambani asubuhi moja kabla ya kusema ndiyo.

Ukiamua mtoto wa mbwa, nisikilize vizuri hapa, maana familia za mazoezi ndizo hukosea zaidi. Mbwa mkubwa hukua haraka mno. Akiwa na miezi sita anaonekana mkubwa, ana nguvu, anataka kukimbia, na shemeji atashawishika kumchukua kwenye mbio. Asimchukue. Ncha za mifupa yake bado ni laini, na kwa mbwa wakubwa hazikomai mpaka miezi 12 hadi 18, wengine hata miaka miwili. Kukimbizwa umbali mrefu, kuruka ngema, kushuka mteremko mkali kwa kasi, hayo huumiza viungo ambavyo havitengenezeki tena. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, kwa sababu uzito wote hutua mbele. Wafugaji wana kanuni yao ya dakika tano za matembezi kwa kila mwezi wa umri, mara mbili kwa siku. Wa miezi minne basi dakika 20. Hiyo si sheria ya kisayansi, ila ni breki nzuri kwa watu wenye haraka. Kucheza mwenyewe uani, kulala anapotaka, kunusanusa, huko ndiko kukua kwake. Mwaka wa kwanza safari ya shambani mpeleke ile ya karibu, na mkishuka mteremko mkali mshike kamba fupi ashuke polepole. Mbio na shemeji zianze akishatimiza mwaka na nusu, kidogokidogo.

Hata akikomaa, muda ni alfajiri na jioni. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoa kwa kuhema, na hewa ya Matombo ikiwa imejaa unyevu kuhema hakumsaidii sana. Ukiona ulimi umetanuka na kuwa mwekundu sana, anayumba, mate mazito, simama. Kivulini, maji ya kawaida tumboni na miguuni, na mbio zimekwisha kwa siku hiyo. Shambani mchana mpe kivuli cha migomba na chombo chake cha maji. Na chakula kikubwa asipewe kabla au mara baada ya kukimbia: mbwa wenye kifua kirefu tumbo lao linaweza kujaa gesi na kujipinda, na huyo hufa kwa saa chache.

Kuhusu shamba lenyewe, najua mnamtaka pia kwa ajili ya nyani, ngedere na nguruwe pori. Mbwa husaidia, kwa kubweka na kwa harufu yake. Lakini msimpeleke kupigana na kundi la nyani. Dume la nyani lina chonge za kumpasua mbwa, na mbwa mwenye mori ndiye hufa wa kwanza. Mfundishe kubweka akiwa mpakani na kurudi akiitwa.

Kufundisha ndiyo nusu ya mazoezi, na hapa Morogoro tuna shule ya kujivunia. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa na kufundishwa hapa Morogoro, akaenda kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu ya ushujaa wa wanyama na shirika la PDSA la Uingereza. Panya hawa hawapigwi. Wakipatia hupewa kipande cha ndizi au karanga, basi. Kama panya anaweza kufundishwa kazi ya kuokoa maisha kwa ndizi, hakuna sababu ya kumfundisha mbwa kwa fimbo. Kwenye zile wiki za masika ambazo hamwezi kutoka, ficheni vipande vya muhogo wa kuchemsha au dagaa barazani na mumwache atafute kwa pua. Robo saa ya kutafuta humchosha mbwa mwenye akili kuliko mnavyodhani. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuwa mfichaji mkuu, mkubwa akiwepo.

Chakula tukipitie haraka, ila msikidharau. Mbwa wa kilo 35 anayefanya kazi anakula karibu nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku, dona na dagaa kwa pamoja. Kwa mwezi kama kilo 15. Boerboel wa kilo 60 atafika kilo 20. Chotara wa kilo 22 atatosheka na kama kilo 10 au 11. Ugali mtupu haumtoshi, anahitaji dagaa, mabaki ya nyama, yai, maini mara mojamoja. Na msimpe mahindi yaliyovunda eti kwa kuwa ni mbwa: sumukuvu humuua kwa ini kama inavyomuua mtu.

Magonjwa siwezi kuyaruka. Chanjo ya kichaa cha mbwa anapata akiwa na miezi mitatu na kurudia kila mwaka. Duniani watu takriban 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na karibu wote hupata kwa mbwa. Mbwa wa mazoezi hukutana na mbwa wengi njiani kuliko aliyefungiwa, kwa hiyo wenu yuko hatarini zaidi. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Mpeni pia chanjo za pavo na distempa. Mwaka 1994 distempa iliyotoka kwa mbwa wa vijijini iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Ninyi barabara yenu inashuka Mvuha na Kisaki hadi Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako kuna mojawapo ya makundi makubwa ya mbwa mwitu yaliyobaki Afrika. Chanjo ya mbwa wenu inawafikia na wao.

Na mkishuka naye upande wa Kisaki, mjue kuna mbung'o, wanaoeneza ugonjwa wa nagana. Mbwa wa kigeni hawana kinga nao. Ukimwona ana homa, uso umevimba, na jicho limeingia ukungu wa buluu, usingoje kesho, mwite mtaalamu wa mifugo.

Majirani. Matombo mnaishi Wakristo na Waislamu pamoja, wengine ukoo mmoja. Kwa Waislamu wanaofuata Shafii, ambao ndio wengi kwetu, mate ya mbwa ni najisi, na aliyeguswa itambidi ajitoharishe kabla ya swala. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa shamba dini yao inamruhusu, kwa hiyo hakuna ugomvi juu ya kuwa naye. Ugomvi huja akimrukia mtu mwenye kanzu safi saa kumi na moja alfajiri, wakati ule ule shemeji anapotoka kukimbia. Kamba fupi mnapopita karibu na msikiti, na mbwa asimamishwe pembeni watu wapite. Na asiogeshwe mahali ambapo watu wanateka maji.

Basi jibu langu, mdogo wangu. Kwa mlichonieleza, wa kwanza kwangu ni chotara wa kienyeji na German Shepherd, jike, kwa sababu ni mwepesi kidogo na mama yako atammudu. Mfungeni uzazi muda ambao daktari atawaambia. Wa pili ni Ridgeback jike, kama shemeji ataahidi mbele yako kwamba mbio za alfajiri ni za mbwa pia, na kamba haitoki mkononi njia ya juu. German Shepherd kamili ni wa tatu, na ni kwa sharti la kupe nililokutajia. Wale wawili wengine mshukuru kaka yako na umwambie hapana.

Kama bado kaka anasisitiza German, mwambie mambo matatu. Amwone mama wa watoto na baba, na awatazame wakitembea, hasa miguu ya nyuma. Asimchukue mtoto kabla hajatimiza wiki nane. Na asimpakie kwenye buti la basi ndani ya boksi lililofungwa, amshike mapajani au amweke kwenye kapu lenye hewa na kitambaa chenye harufu ya mama yake. Wakifika Morogoro, kabla hawajapanda gari la Kiroka na Mkuyuni kuja kwenu, wapite naye hospitali ya wanyama ya SUA apimwe, apewe dawa ya minyoo na kadi ya chanjo, na daktari amguse nyonga.